Bafu Lisilo na Komeo

Ndoo ya bluu ilikutwa imelala ubavu mbele ya bafu la mwisho la wanawake, maji yote yamemwagika, na kando yake ndala moja ya mguu wa kushoto. Mwenye ndoo alikuwa amekimbia hadi kwenye foleni ya chakula, mkono wa gauni umechanika, anatetemeka kama mtu aliyeokolewa mafurikoni kwa mara ya pili.

Inspekta alifika saa tatu asubuhi akiwa na askari wawili. Hii ilikuwa kambi yake ya tatu tangu mto uvunje kingo, na miguu ilikuwa imemvimba mpaka viatu vikawa adui. Kabla hajafunga mlango wa gari, simu ililia. Mwanawe wa mwisho alitaka kujua funguo za kabati ziko wapi.

"Ziko pale pale ulipoziacha," akamjibu, akakata.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mahema yalijaa kutoka goli hadi goli. Zahanati ilikuwa hema, ofisi ilikuwa hema, na jiko lilikuwa turubai juu ya miti minne. Kitu pekee chenye kuta ngumu kilikuwa mabafu ya wanawake, yaliyojengwa kwa mabati yaliyolazwa, migongo yake ikienda mlalo kama mistari ya daftari.

Umati ulikuwa umeshapata mtu wake. Mpuliza dawa ya kuua vijidudu, ambaye watoto walimwita Dokta Pampu, alikuwa amekalishwa chini, mikono imefungwa kwa kamba ya hema, mdomo umevimba. Aliyesimama juu yake alikuwa mkuu wa walinzi wa kujitolea, mtu mzima wa sauti nzito. Wote walimwita Kamanda. Alivaa shati la sare la bluu iliyokoza, na juu yake kizibao cha kung'aa kilichofungwa zipu hadi shingoni.

"Kazi tumeshaimaliza, afande," Kamanda alisema. "Wewe ni kuandika tu."

"Nani alimwona akimshika?"

"Hakuna. Binti alifunikwa uso kwa kitambaa. Lakini anasema mtu huyo alinuka dawa. Kambi nzima, nani ananuka dawa?"

"Wewe umeingia kule bafuni kukagua?"

"Mimi?" Kamanda alicheka kidogo. "Sisi wanaume hatukanyagi kule, hata pawake moto. Ndiyo amri yangu ya kwanza kwa vijana wangu. Huyu tu ndiye anayeruhusiwa, na ona alivyotulipa."

"Mfungueni kamba. Hata mkosaji ana haki ya kujikuna."

Akaingia bafuni peke yake. Nyuma ya mlango palikuwa na matundu manne ya skrubu, lakini komeo halikuwepo. Aliinama kuyatazama, akaegemea ukuta kwa mkono ili mgongo usimwume zaidi. Bati lilikuwa bado na unyevunyevu. Matundu yalikuwa safi, hayakuchanika. Mwizi mwenye haraka angevunja. Huyu alitumia bisibisi na akajipa muda.

"Milango yote iko hivi," shangazi wa binti alimwambia akiwa nje. "Wiki mbili sasa. Tumelalamika mpaka ndimi zimeota sugu. Kamanda anasema yataletwa mengine."

Inspekta alimchukua Dokta Pampu pembeni. "Nieleze kazi yako, kama unamfundisha mtu mvivu."

"Napulizia kuta, mama. Natundika kitambaa chekundu mlangoni, naondoka. Kikiwepo, hakuna mwanamke anayeingia, hata awe amebanwa vipi. Kuta zikikauka, narudi kukitoa."

"Leo ulirudi?"

"Sikupata nafasi. Nilikuwa zahanati, napulizia sakafu, na muuguzi amenisimamia kama mama mkwe. Ndipo wakaja kunikamata."

Muuguzi alithibitisha, na bila kuulizwa akaongeza kwamba sakafu bado haikuwa safi.

Binti alikuwa kwenye hema la baba yake, fundi viatu, amejikunyata katikati ya magodoro. Inspekta alikaa chini, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Kitambaa chekundu kilikuwepo mlangoni?" aliuliza.

"Hakikuwepo. Ndiyo maana niliingia. Mtu akatokea nyuma ya mlango, akanifunika uso. Kitambaa kilikuwa kimelowa dawa, macho yakawaka. Nikampiga na ndoo, nikakimbia."

"Ulimpiga vizuri?"

"Sijui. Nilipiga tu."

"Basi ulipiga vizuri."

Kwa hiyo harufu ilikuwa ya kitambaa, si ya mtu. Aliyekishika alijua utaratibu wa kambi: wakati kitambaa kimetundikwa, ndani hapaingii mtu, nawe unaweza kujificha kwa raha. Kisha unakivuta, unasubiri, ukijua kuna msichana anayependa kuoga wakati wenzake wako kwenye foleni.

Fundi viatu alikohoa. "Afande, tusirefushe mambo. Kamanda ni muungwana. Amekubali kumwoa leo saa kumi, amsitiri."

"Amsitiri na nini? Binti ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Hiyo si ndoa, mzee, hiyo ni kesi."

"Jioni wewe utapanda gari lako. Sisi tunabaki na midomo ya watu." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kama Inspekta mwenyewe.

"Kamanda alikuwa ameshawahi kumposa kabla ya leo?"

Baba alimtazama shangazi, aliyekuwa ameketi mlangoni. Shangazi ndiye aliyejibu. "Mara mbili. Tulimwambia mtoto anasoma."

Inspekta alivaa viatu vyake kwa shida. Kuposa mara mbili si ushahidi. Nje jua lilikuwa limefika utosini. Alipoinua mkono kujifuta jasho, aliuona mkono wa sare yake. Ulikuwa na mistari mitatu iliyopauka, imelala sambamba.

"Dokta, hii ni nini?"

"Pole, mama. Dawa hiyo. Ukiegemea ukuta unadhani ni maji, kumbe inakula rangi. Haitoki hata ufue vipi. Mimi navaa koti la plastiki."

Inspekta aliutazama uwanja. Watu walikuwa wamevua chochote kilichovulika. Mmoja tu alikuwa amefunga zipu hadi shingoni, jasho likimchuruzika kidevuni.

Aliwaita wote kwenye hema la ofisi: baba, shangazi, binti, Dokta Pampu na Kamanda.

"Kamanda, vua kizibao upumue."

"Hii ni sare, afande."

"Sare ni shati. Vua."

"Hata sielewi unachotafuta."

"Unakielewa, ndiyo maana umejifunga hadi shingoni kwenye jua hili. Geuka."

Kamanda aliishika zipu kwa mikono miwili. Askari mmoja akamvua. Kutoka mabegani hadi kiunoni, shati la bluu lilikuwa na mistari iliyopauka, imepangana kama ngazi. Inspekta aliweka mkono wake kando ya mgongo ule. Nafasi kati ya mistari ilikuwa ileile.

"Niliegemea mahali..."

"Wapi? Bati liko wapi tena kambini? Na umesema hukanyagi kule hata pawake moto."

Askari wa pili, aliyetumwa kwenye hema la Kamanda, alirudi na soksi nzito. Alipoipindua mezani, yakamwagika makomeo, na Inspekta akayapiga picha.

"Nilitaka kumsitiri," Kamanda alisema, sauti imepungua.

"Ulitaka aanguke ili wewe uonekane mwokotaji. Ukamwondolea komeo, ukamvizia, kisha ukaja kuposa mara ya tatu kwa jina la huruma. Na huyu Dokta mngemuua."

"Baba," binti alisema taratibu, "saa kumi ndiyo hii inakuja."

Fundi viatu alichukua makomeo yote mezani, akatoka.

Gari lilipokuwa tayari kuondoka na Kamanda, Inspekta alipita kwenye mabafu. Fundi viatu alikuwa amepiga magoti mlango wa mwisho, anakaza skrubu kwa bisibisi yake ya kazi, na wanawake wamemsimamia wakimsema kwamba komeo linakwenda upande. Binti alisubiri na ndoo yake ya bluu.

"Nani atatulinda sasa?" shangazi aliuliza.

"Chagueni wenyewe, wanawake. Na huyo mtakayemchagua akaguliwe na nyinyi, si mimi. Mimi nitarudi Jumatatu."

Simu ililia tena, funguo zimeonekana. Inspekta alikaa juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa ili miguu ipumzike kidogo.

Binti aliingia, akafunga mlango. Wote walisikiliza mpaka komeo likalia.