Miwani ya Shangazi Sophia

"—jicho zima, Mama! Ganda la risasi limempiga hapa, paa! Na jicho zima kabisa!"

Naima alisema hayo hata viatu hajavua. Mama yake, Zabibu, alikuwa uani kwao Kitangari, anachoma korosho kwenye bati. Mafuta ya maganda yakaruka. Zabibu akafumba macho na kugeuza uso, kama siku zote.

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, Mama. Jicho la shangazi Sophia!"

"Marahaba. Wifi yangu kafanyaje tena?"

Naima akavuta kigoda, akaanza.

Yeye na shangazi yake wako kwenye mafunzo ya mgambo. Leo walikuwa wanalenga shabaha. Atakayelenga vizuri, kesho anakwenda Masasi kushindana. Shangazi, Mama Faridi kwa wenzake, aliitaka safari hiyo, usiseme! Lakini kila akifyatua, anafumba macho na kugeuza uso, kama Mama kwenye korosho. Risasi zote zikapita kando.

"Mama Faridi, unafukuza kunguru?" Hamudi, mwenzao wa mafunzo, akamcheka.

Afande Bwanali, mwalimu wao, akasimamisha zoezi. "Mama Faridi, mbona miwani umeipandisha kichwani?"

"Inanitoa jasho, Afande. Kwani mimi naendesha bodaboda?"

"Macho yako yanaogopa, ndiyo maana yanajifumba. Bunduki inarusha ganda la moto na chembe za baruti. Hata asiyefyatua, akiwa karibu, avae."

Naima akachomoa miwani yake ya jua, ile ya kupigia picha. "Yangu je, Afande?"

"Hiyo ya urembo. Ikipasuka, vipande vyake vinaingia jichoni. Miwani ya shabaha ni ngumu, na inaziba mpaka pembeni."

Shangazi akashusha miwani, akalala chini. Hamudi, kushoto kwake, akafyatua kwanza. Ganda likaruka, likamgonga shangazi kwenye miwani, paa!

Afande akasimamisha tena, akamkagua. Jicho zima.

"Haya, niacheni nilenge," shangazi akasema.

Akafyatua, macho wazi. Katikati! Akarudia. Katikati tena! Safari ya Masasi ikawa yake, na Hamudi mwenyewe akampigia saluti.

"Hodi!" Alikuwa Sophia, anaingia uani, mkononi ile miwani yenye mkwaruzo.

"Karibu, wifi, mpiga shabaha wetu!" Zabibu alicheka. Mafuta yakaruka, akageuza uso.

"Wifi, na wewe unafumba? Chukua hii. Imeshagongwa, haifai tena kwa bunduki. Afande kanipa mpya. Lakini kwa korosho inatosha."

Akamvalisha. Mafuta yakaruka tena. Tone likatua kwenye miwani. Zabibu hakugeuka. Akainama kidogo, akatazama.

"Haa! Kumbe zinaiva hivi! Miaka yote hii nilikuwa nazinusa tu!"

Naima akapiga makofi. "Na sasa Masasi, Mama, shangazi ataenda—"

"Wewe nyamaza," Sophia akamkata. "Utatia chumvi. Wifi, niwekee korosho. Kesho nikishuka kwenye basi nakuja hapahapa, ya Masasi nakusimulia mwenyewe."