Nilisema Nimevuta

Kila tulipoegesha gari, Mama aliniuliza swali lilelile: "Handbreki?" Nami nilivuta kile chuma kilicho kati ya viti vyetu mpaka kigome, kisha nikajibu, "Nimevuta, Mama." Kukivuta na kukiachia ilikuwa kazi yangu tangu Mama alipovunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini nguvu hazikurudi. Mama hushona mapazia, na siku hizi hata mkasi mkubwa humshinda.

Gari letu ni otomatiki. Mwanafunzi mwenzangu tuliyembandika jina la Profesa, kwa kuwa hakuna asilolijua, alinicheka siku moja aliponiona nikivuta. "Ukishaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, gari halisogei," alisema. "Handbreki ni mambo ya kizamani." Maneno yake yalinifaa sana, maana kile chuma kilikuwa kigumu na nilikuwa nimekichoka. Kwa wiki mbili nikawa nakigusa tu, kisha najibu, "Nimevuta." Barabara za mtaani kwetu ni tambarare, kwa hiyo hakuna kilichotokea. Nikajiona mjanja kuliko watu wazima wote.

Alhamisi moja tulikwenda kumchukua Bibi, mama yake Mama, ili akapasuliwe jicho. Jicho la kulia lilikwisha kuzimika, na la kushoto lilibaki na mwanga kidogo tu. Daktari wa macho huja hospitali ya kwetu mara moja kila miezi mitatu. Saa nne kamili huita majina, na asiyekuwepo nafasi yake hupewa mwingine.

Bibi anakaa kwenye mteremko mkali. Mama aliegesha gari likitazama juu, akaweka P, akaniuliza. Nikajibu kama kawaida. Alipoondoa mguu kwenye breki, gari likarudi nyuma kidogo, likagota.

"Umevuta kweli?"

"Kweli, Mama."

Saa tatu kasorobo Bibi alikuwa ameketi kiti cha nyuma, amevaa gauni lake la kutokea. Mama akawasha injini, akakanyaga breki, akashika gia. Haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka. Mpita njia mmoja akainama dirishani akatuambia betri imekufa, ilhali injini ilikuwa ikinguruma.

Mama akampigia simu fundi wetu wa magari, akaweka spika.

"Mmeegesha mlimani?" fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Handbreki ilivutwa?"

Mama alinitazama. "Ilivutwa. Binti yangu ndiye anayevuta."

"Basi hiyo ni giaboksi, dada. Usiilazimishe, utaiua kabisa. Nisubiri, nitafika kwenye saa sita."

"Saa sita daktari atakuwa ameshafunga mkoba wake," Bibi alisema kule nyuma.

Teksi tuliyoipigia ilikuwa upande wa pili wa mji. Mama akaishika gia kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule mbovu, machozi yakimlengalenga. Mimi nilikaa tu nikitazama saa ya gari. Nilijua neno moja ambalo fundi alilihitaji, lakini mdomo ulikuwa mzito. Niliona aibu, na niliogopa.

"Mjukuu wangu, niangalizie, ni saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika ishirini na tano, Bibi."

Bibi akakunja mikono mapajani. "Basi. Giza nalo huzoeleka."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Mama, sikuvuta. Mpigie fundi, mwambie sikuvuta. Leo na siku zote zile."

Mama hakunigombeza. Alipiga simu kwa sauti ya chini, na hilo lilinitisha kuliko kofi.

"Kumbe gari ni zima," alisema fundi. "Uzito wake wote umelalia kipini kidogo ndani ya giaboksi, kimebanwa. Tafuteni gari liwavute kuelekea juu, kiasi cha kiganja tu. Mtu asisimame upande wa chini. Mkisogea, kanyaga breki, handbreki ivutwe, ndipo utoe gia. Na siku zote ukiegesha, handbreki kwanza, P baadaye."

Lori la maji lilikuwa likijaza tangi la nyumba ya juu. Tulimngoja dereva wake amalize, akarudisha lori nyuma hadi mbele ya gari letu na kutufunga kamba. Lori likavuta kidogo, Mama akakanyaga breki, nami nikavuta kile chuma kwa nguvu zangu zote. Gia ikatoka kirahisi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi, na hospitali ni mwendo wa nusu saa.

"Tumemwita mara tatu," alisema muuguzi tulipofika. Mama alimsihi, na muuguzi alituonea huruma waziwazi, lakini mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia ndani. Akatuandikia kadi ya awamu ijayo.

Tuliketi kwenye benchi la nje. Nilimwomba Bibi msamaha huku nikilia. Alinitafuta kwa mkono mpaka akanipata bega.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sikiliza. Mama yako mkono wake hauna nguvu, mimi macho yangu hayaoni. Sote wawili tunaishi kwa maneno yako. Ukisema 'tayari', sisi tunaweka miili yetu juu ya neno hilo. Kama hukufanya, sema hukufanya. Tutakasirika kidogo, halafu tutafanya pamoja. Ungemwambia fundi mara ya kwanza alipouliza, saa hizi ningekuwa ndani."

Bibi akanipa ile kadi. "Haya, nisomee wameandika lini."

Nilitamani kumwambia ni karibu. Nikamsomea siku, tarehe na mwezi, kama vilivyoandikwa. Bibi akahesabu kwa vidole, kisha akaniomba nisome tena. Nikasoma tena.