Kila Mtu na Kidole Chake

Upepo wa Lodwar haubishi hodi. Kila asubuhi Nyakuoth alifagia mchanga chumbani mwake, na kabla hajarudisha ufagio nyuma ya mlango, mchanga mwingine ulikuwa umeingia. Alichemsha chai kwenye jiko la makaa, akainywa akiwa amesimama. Alifunika mtungi wa maji kwa sahani ya bati. Alijifunga kitambaa kichwani, akavuka mchanga mkavu wa mto Kawalase, akaenda chuoni.

Nyakuoth alikuwa mwaka wa tatu, akisomea ualimu. Kwao ni kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mama yake, Nyawech, alifika huko kutoka Sudan Kusini akiwa amembeba mgongoni. Mwaka huo Nyakuoth aliwaza jambo moja tu: mazoezi ya kufundisha. Muhula ujao angesimama mbele ya watoto na chaki mkononi. Mama alikuwa amekwisha kumshonea sketi ya siku hiyo, ya kijani, yenye mifuko miwili mikubwa.

"Mwalimu asiye na mfuko ataweka chaki wapi?" mama alisema.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mwalimu Wekesa, aliyefundisha somo la Mbinu za Kufundisha, aliwagawa wanafunzi katika makundi. Alisoma majina kutoka kwenye kompyuta yake. Nyakuoth alingoja jina lake. Halikuja. Mguu wake ulianza kugongagonga sakafu wenyewe.

"Mwalimu, mimi umeniruka."

Wekesa alishusha miwani. "Jina?"

"Nyakuoth. Mimi hukaa hapa hapa mbele."

"Uso naujua. Lakini mfumo wa chuo haukujui katika somo hili." Alibonyeza, akasoma. "Unasoma Afya ya Udongo. Na Umwagiliaji. Na Ufugaji wa Kuku."

Darasa zima liliangua kicheko. "Mwalimu wa kuku!" mmoja alisema kutoka nyuma.

Wekesa hakucheka. Alimwita pembeni baada ya kipindi.

"Lakini mimi nimekuja kila siku," Nyakuoth alisema. "Mahudhurio nimetia sahihi."

"Kukaa darasani si kujisajili, binti. Sahihi ya mahudhurio pia si kujisajili. Somo linakuwa lako ukilichagua kwenye mfumo, kisha mimi, mshauri wako wa masomo, nikalikubali. Bila hivyo, hata ukifanya mtihani, alama zako hazina pa kukaa."

"Naweza kurekebisha?"

"Mpaka kesho jioni. Halafu mlango unafungwa. Na ujue, somo hili hufundishwa mara moja kwa mwaka. Asiyelipita haendi mazoezi ya kufundisha."

Mwaka mzima! Nyakuoth alirudi nyumbani karibu akimbie. Hakuona mchanga wala jua.

Jirani yake, Akoru, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Akoru ni Mturkana wa Lokitaung, mwanafunzi wa mwaka wa nne.

"Ejok, Nyakuoth. Mbona unazunguka kama mbuzi aliyepotelewa na mtoto?"

Nyakuoth alimweleza, akienda na kurudi, akienda na kurudi.

"Kaa kwanza, unanitia kizunguzungu," Akoru alisema. "Nani alikusajili?"

"Ruot."

Ruot ni mtoto wa mama mdogo wa Nyakuoth. Walilelewa nyumba moja kambini, na sasa alisoma kilimo katika chuo hicho hicho.

"Nilimpa neno langu la siri. Simu yake ni nzuri. Alitusajili sote wawili, akaniandikia, 'Tayari.'"

"Na wewe hukufungua ukaona alichofanya?"

"Kwa nini nifungue? Ruot ni wa nyumbani."

Na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Kambini, siku ya kugawa chakula, mtu mmoja huchukua kadi akaenda kwa niaba ya nyumba nzima. Wengine hubaki wakiteka maji na kufua. Nyumbani kwao mtu huyo alikuwa Ruot. Alipanga foleni juani, akarudi na unga wa wote, na hata siku moja hakupungukiwa. Basi Nyakuoth aliona usajili wa chuo ni foleni kama ile.

Akoru alitupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharagwe.

"Sikiliza. Kwetu mbuzi hukatwa alama ya sikio. Alama ya baba yangu si ya jirani. Mbuzi hunywa kisima kimoja, lakini jioni kila mmoja na boma lake. Wewe na Ruot mnakunywa kisima kimoja. Masikio ni tofauti! Ualimu una masomo yake ya lazima. Kilimo kina yake. Ruot amekukata sikio la kuku."

"Kuku hana sikio, Akoru."

"Ndiyo maana umepotea. Haya, shika mwongozo huu wa shahada yetu ya ualimu. Chuo humpa kila mwanafunzi, wewe wako ulifunikia nini?"

"Sufuria," Nyakuoth alisema kwa sauti ndogo.

"Haya. Ya lazima ni haya, huna la kuchagua. Haya ni ya hiari, unachukua moja. Halafu kuna somo ambalo huligusi mpaka upite lililo mbele yake. Hukamui mbuzi ambaye hajazaa."

Walifungua mfumo kwenye simu ya Nyakuoth. Neno la siri lilikataa. Walipoomba jipya, mfumo ulituma nambari ya kuthibitisha. Ulituma kwa simu ya Ruot, maana Ruot, siku ya kusajili, alibadilisha neno la siri na kuandika simu yake.

Na Ruot alikuwa amekwenda Kakuma kucheza mpira. Nyakuoth alipiga. Simu imezimwa. Alipiga tena. Imezimwa. Ofisi ya kompyuta ya chuo ingeweza kubadilisha nambari, lakini mhusika alikuwa matangani Kitale hadi Jumatatu.

"Basi nenda," Akoru alisema. "Ukikaa hapa utapasua simu bure."

Ijumaa, kabla jua halijawaka sawasawa, Nyakuoth alikuwa ndani ya gari la kwanza la Kakuma. Njia nzima alishika mwongozo wa Akoru magotini. Aliusoma, akaukunja, akaukunjua tena.

Nyawech alimwona mwanawe akiingia uani, akaacha kupepeta mtama. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ruot yuko wapi?"

Ruot alikuwa uwanjani, miguu myeupe kwa vumbi. Simu yake ilikuwa dukani ikichajiwa, imezimwa tangu jana. Alipoelezwa, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wallahi, dada! Nilichagua yangu, nikarudia yale yale kwako. Nilifikiri ni kama kambini, wote tunapewa kitu kimoja."

"Kitu kimoja!" Nyakuoth alipaza sauti. "Mimi na kuku wapi na wapi?"

"Kuku ni somo zuri, usilidharau."

"Ruot!"

Walichukua simu dukani wakaiwasha. Mtandao ulikuwa ukija na kuondoka. Wote watatu walipanda mwinuko ulio nyuma ya kanisa, ambako simu hushika vizuri, mama akiwa nyuma na mwavuli wake uliopoteza kijiti kimoja. Nambari ya kuthibitisha iliingia. Nyakuoth aliandika neno jipya la siri, akawageuzia mgongo wote. Kisha akaandika simu yake mwenyewe mahali pa ile ya Ruot.

"Lete nikumalizie haraka," Ruot alisema, akinyoosha mkono. "Saa zinakwenda."

Nyawech alimpiga kofi mkononi.

"Acha! Wewe umesahau? Siku ya kugawa chakula, mmoja anatosha. Lakini siku ya kuhakiki watu je? Siku hiyo hata mgonjwa hubebwa. Hata mtoto mchanga huletwa. Kila mtu na kidole chake kwenye mashine. Je, uliwahi kuweka kidole chako mahali pa changu?"

"Hapana, mama."

"Basi hii ni siku ya vidole."

Ruot alirudisha mkono. Nyakuoth alifuta masomo ya kilimo, moja moja. Akaweka mwongozo juu ya jiwe na kuanza kuchagua. Mbinu za Kufundisha, limeingia. Saikolojia ya Mtoto, limeingia. Kwa haraka aligusa Upimaji wa Wanafunzi. Mfumo ulikataa kwa maandishi mekundu. Akatazama mwongozo: Upimaji huja baada ya kupita Saikolojia.

"Hajazaa," alinong'ona.

"Nani hajazaa?" mama aliuliza.

Nyakuoth alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaliacha somo hilo la mwaka wa nne, akachukua lililokuwa la zamu yake.

Likabaki moja la hiari. "Chukua Muziki," Ruot alisema. "Ni rahisi."

Nyakuoth alichukua Lugha ya Ishara. Kisha alipiga picha ya ukurasa wote, ili awe na ushahidi, akampigia Mwalimu Wekesa na kumweleza kosa la Ruot.

"Naona," Wekesa alisema. "Umechagua wewe au yule wa kuku?"

"Mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Basi niambie. Kwa nini Lugha ya Ishara?"

"Karibu na kwetu kuna msichana asiyesikia. Shuleni alikaa nyuma mpaka akachoka, akaacha kwenda. Mimi nikiwa mwalimu, nataka akae mbele."

Nyakuoth alidhani mtandao umekatika. Aliiinua juu, akaishusha, akaitikisa.

"Nimekubali," sauti ilisema. "Jumatatu uje ukae na kundi lako."

Nyawech hakuelewa Kiswahili chote kile, lakini aliuona uso wa mwanawe. Akafunga mwavuli palepale juani.

Nyakuoth alisoma muhula ule, akapita. Muhula uliofuata alijisajili siku ya kwanza, mwongozo ukiwa mkononi, na kabla ya kuthibitisha alipita kwa Mwalimu Wekesa kumwuliza. Ruot naye alijisajili peke yake. Akamtumia picha: Ufugaji wa Kuku, sehemu ya pili.

Mazoezi ya kufundisha alipelekwa Kalobeyei. Asubuhi ya kwanza alivaa sketi ya kijani, chaki mfuko wa kulia, kitambaa cha kufutia mfuko wa kushoto. Aliita majina ya watoto.

"Awut."

"Yupo!" mvulana mmoja aliitikia kwa sauti kubwa. Watoto wakacheka.

"Wewe ndiye Awut?"

"Hapana, Mwalimu. Ni dada yangu. Amebaki nyumbani, mimi namwitikia."

Nyakuoth aliiweka chaki mezani. Mguu wake, uliokuwa ukigongagonga sakafu tangu aingie, ulitulia.

"Wewe keti, nimekuandika wewe," alisema. "Awut mwambie kesho aje aitikie mwenyewe. Nitamngoja."