Nafasi Iliyobaki Kwenye Kadi

Zamda hakuwahi kukosa shabaha tangu aingie kwenye kazi ya siri. Ni kweli tupu. Alikuwa amefyatua risasi mara mbili tu, na mara zote alilenga kichuguu.

Jumatatu asubuhi simu yake ikaita.

"Shikamoo shangazi. Chai imepanda bei."

"Marahaba. Magunia mangapi?"

"Kumi na moja. Mawili madogo."

Ikakatika.

Magunia yale yalikuwa watu. Walivushwa mpaka kwa magendo, wakafungiwa mahali fulani katika wilaya za Handeni au Korogwe, wakingoja lori la kusini. Kundi lililotangulia lilikutwa porini Handeni, ndani ya tangi la maji.

Hakuna aliyekuwa anapumua.

Aliyejulikana ni dereva tu, Mathias. Na huyo hafuatiki. Makachero wawili alishawaacha wakila vumbi. Fununu zilisema sasa anatafuta kifaa cha kuonyesha njia za porini, maana mabosi wamemkataza kuuliza njia kwa watu.

Siku hiyohiyo Zamda akafungua kibanda cha redio za magari pale Korogwe. Bastola ikakaa ndani ya kopo la grisi.

Jumanne ikasimama Land Cruiser nyeupe, akashuka Mathias.

Zamda akaweka vifaa viwili mezani. Kimoja huhifadhi ramani na safari kwenye memori yake ya ndani, kingine kwenye kadi. Akakisifu kile cha ndani kama mama anayeoza binti: hakili vumbi, hakijali makorongo, hakisahau kitu.

Neno la mwisho lilimkera Mathias.

"Nipe cha kadi, mama. Nikibanwa, naitafuna."

"Meno ni yako, mwanangu."

Kadi ilikuwa ya jibii sitini na nne. Ramani ilikula nane. Zamda hakutega kitu kingine. Aliwajua watu wake: hakuna dereva wa Korogwe anayepata usingizi huku kadi yake ina nafasi tupu.

Jumamosi saa nne asubuhi Mathias akarudi kuwekewa nyimbo.

Zamda akaichomeka kadi kwenye kompyuta, skrini akaigeuzia upande wake. Safari zote zilikuwemo. Mstari ulitoka Handeni, ukakatiza Korogwe, ukapanda milima hadi Dindira, ukasimama nyuma ya mashamba ya chai. Mara mbili. Ya mwisho Jumatano.

Siku tatu bila mtu wa kuwapelekea maji.

Akatuma meseji chini ya meza. Kikosi kilihitaji saa nzima kupanda. Mathias ilibidi akae.

Alitaka dansi za zamani, na alizichambua kama mke mwenza anayechambua mchele wa mwenziwe. Zikafika nyimbo mia, Zamda akadai kompyuta imegoma, akaanza upya. Mathias akatazama saa. Akasimama. Zamda akamfungulia wimbo mmoja wa wakata mkonge, na yule bwana akakaa tena, akasema marehemu baba yake alikuwa akiuimba akirudi shambani.

Kidude sikioni, chini ya ushungi, kikakoroma.

"Kufuli tumevunja."

Vikasikika vishindo vya buti, kisha sauti ileile.

"Kumi wako hai. Mtoto mmoja hapana."

Zamda akapunguza muziki. Mkono ukazama ndani ya kopo, ukatoka na grisi hadi kifundoni. Bastola ikamtazama Mathias tumboni.

"Dindira unaijua?"

Mathias akainua mikono. "Sijawahi kufika, mama. Mimi na baridi wapi na wapi."

"Na waliofungiwa ghalani kule?"

"Watu gani? Haki ya Mungu sijui lolote."

Askari wawili waliokuwa wakila mihogo ng'ambo wakavuka barabara, wakamshika mikono. Zamda akaichomoa kadi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akatwaa mkoba wake, akaelekea mlangoni taratibu, kama anayekwenda sokoni.

"Basi hayakuhusu," akasema bila kugeuka. "Tumeshawatoa. Wote kumi."

"Kumi na mmoja," akasema Mathias.