Nani Anamaliza Chaji Minjila?

Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Mama Rebecca alifungua kabati la chuma katika ofisi ya kamati ya malka pale Minjila, akatoa leptopu, akabonyeza kitufe cha kuiwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Akasema, "Bwana wangu," kwa sauti ya chini, akaketi. Ilikuwa asubuhi ya tatu mfululizo.

Ndani ya leptopu hiyo mlikuwa na ramani ya malka, zile njia ambazo ng'ombe hupita katikati ya mashamba kwenda kunywa maji mtoni. Saa nne wafugaji wangekuja kuitazama. Lakini si ramani iliyomkata maini. Kabati lilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwake tangu mwaka aliofiwa na mumewe. Yeye ni mfagiaji, darasa la sita ndilo lake la mwisho, lakini kwa ufunguo ule watu walimwita mwaminifu.

Kitu kimoja kilimkera. Jana, saa kumi na mbili jioni, alipokuwa akipangusa vumbi, bati la kabati lilikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa. Alidhani ni jua. Sasa alikumbuka kwamba upande ule jua halifiki.

Saa moja unusu akaingia Mzee Mwaringa, mwenyekiti.

"Imekufa tena?"

"Imekufa. Nimeiweka kwenye umeme."

"Mama Rebecca, mimi sisemi wewe ni mwizi. Nasema inafungiwa jioni imejaa, asubuhi imekauka, na mwenye ufunguo ni mmoja. Kamati ikikaa saa nne, utaukabidhi."

"Sawa, mwenyekiti. Basi nipe hadi hiyo saa nne."

"Ufanye nini?"

"Niulize watu."

Mwenyekiti akaguna. "Na Biblia yangu hujaniletea?"

"Iko kwangu tangu Jumapili, ulipoisahau kwenye benchi kanisani. Jioni nitaileta."

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Lavender, karani, aliyefika saa mbili akitafuna mahamri.

"Jana uliifunga saa ngapi?"

"Saa kumi kamili, mama. Chaji tisini na nane. Nikaikunja, nikakupa mkononi."

"Hukuizima?"

"Huwa siizimi. Nikiikunja inalala yenyewe, tangu tuipate."

"Usiku huji kutazama zile nyimbo zako?"

"Nije nipite wapi, tundu la ufunguo? Na harusi zote nilizokula mwezi huu?"

Mama Rebecca akacheka, lakini hakuondoka. "Kuna kitu kigeni umekiona humo ndani?"

Lavender akafikiri. "Maandishi. Tangu Jumanne yamekuwa makubwa kama ya bango la injili. Nikadhani ni wewe, ulipofuta vumbi."

Wa pili alikuwa Hirbo, mlinzi, ambaye kila mtu alimshuku kwa sababu simu yake haikosi chaji.

"Hirbo, simu unachajia wapi?"

"Kwa sola ya kinyozi. Hiyo leptopu mimi naogopa, mama. Siku moja ilinionyesha uso yangu bila kuniuliza."

"Usiku nani huingia hapa?"

"Paka."

"Na Jumatatu, baada ya wafugaji kuondoka, nani alibaki?"

"Wewe ulienda kufua vitambaa. Lavender alienda kula. Mwenyekiti alibaki saa moja mzima, mlango imefungwa. Aliniambia anasoma Zaburi."

Mama Rebecca akaushika ufunguo shingoni. "Asante, mwanangu," akasema. Akaenda nyuma ya ofisi, akasali sala fupi, ya kuomba ulimi usimtangulie.

Saa tatu akafika Zadock, fundi wa kompyuta aliyeitwa kutoka Garsen. Aliichunguza leptopu kwa dakika kumi.

"Betri ni nzima kama jino la mtoto," akasema. "Shida iko hapa. Kwa kawaida ikikaa dakika tano haijaguswa, inalala. Ukiikunja, inalala papo hapo. Sasa mtu amepita kila mahali kwenye mipangilio akaandika isilale kamwe. Hata ikikunjwa. Usiku inakesha humo kabatini mpaka inaishiwa."

"Kwa hiyo hakuna aliyeitoa usiku."

"Hakuna."

"Unaweza kuirudisha ilivyotoka dukani?"

"Ni kubonyeza hapa tu, mipangilio ya mwanzo inarudi."

"Usibonyeze bado. Niandikie hayo kwenye karatasi. Herufi ndogo ndogo."

Saa nne kamati ikakaa. Wafugaji walikuja wanne, msemaji wao akiwa Mzee Molu, mrefu, mpole, fimbo mapajani. Mwenyekiti akasimama.

"Kabla ya mengine, Mama Rebecca ana kitu cha kukabidhi."

"Ninacho," akasema, akampa karatasi. "Tusomee, mwenyekiti."

Mzee Mwaringa akainyoosha karatasi mbali, kisha mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. "Miwani nimeacha nyumbani."

"Aliyeharibu leptopu aliyakuza maandishi kwanza ili aone. Lavender anasoma hata maandishi ya ganda la kiberiti. Hirbo hasomi. Mimi kazi yangu ni ufagio." Akamgeukia mwenyekiti. "Na Jumatatu ulimwambia Hirbo unasoma Zaburi. Ulisoma katika Biblia gani, na yako iko kwangu?"

Mtu mmoja upande wa wafugaji akakohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti akaketi, akajifuta uso.

"Nilisomea kompyuta siku mbili kule Hola," akasema. "Jumatatu Mzee Molu aliingia, akaanza salamu vizuri. Akauliza watu, watoto, mvua, malisho. Alipofika kwa ndama, skrini ikazima. Neno la siri analo Lavender, na Lavender ameenda kununua sukari. Mzee naye akanyamaza palepale. Nikasema moyoni, ameona wakulima tumemzimia taa, hatutaki salamu yake. Aibu ikanijaa. Lavender aliporudi akaifungua, kisha akaenda kula, ndipo nikaiambia mashine isilale tena mbele ya mgeni."

"Ikakesha hata kabatini," akasema Mama Rebecca.

"Sikujua kwamba kuikunja nako kunahesabiwa. Kweli nilidhani ni wewe."

Mzee Molu alianza kucheka polepole, mabega yakitangulia. "Mwaringa, mimi nilinyamaza kwa sababu niliona hiyo kitu imechoka. Nikaihurumia. Nilikuwa nimebakisha mbuzi, ngamia, na wewe mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikajiona mtu bila adabu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, Hirbo mlangoni akishika mbavu. Kilipotulia, mwenyekiti akasimama tena.

"Mama Rebecca, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Ufunguo ni wako."

"Nimekusamehe. Ila miwani uvae."

Zadock akabonyeza. Maandishi yakarudi madogo, usingizi ukarudi dakika tano, na leptopu ikaachwa wazi mezani huku Mama Rebecca akimimina chai.

"Basi nianze upya?" akauliza Mzee Molu.

"Anza, mzee."

Akaanza na watu, akapita mvua na malisho, akauliza ndama mmoja mmoja. Kwenye mbuzi skrini ikazima. Hakuna aliyegeuza shingo. Akamaliza ngamia, ndipo akamtazama mwenyekiti usoni.

"Na wewe Mwaringa, mwili?"

"Mwili mzima, mzee. Ni magoti tu," akajibu Mzee Mwaringa, akivuta kiti karibu. "Hayo magoti yana hadithi ndefu."