Mwongeli Anaogopa Kugusa Kompyuta

Jumanne na Alhamisi Mwongeli hamalizi uji. Siku hizo kuna somo la kompyuta.

Shule yao iko karibu na Kasikeu. Kompyuta zake zilifunikwa kwa vitambaa vya kufuma, kama makochi yanayongoja wageni. Wanafunzi walivua viatu mlangoni, wakaketi, wakanakili maandishi ya ubaoni. Aliyegusa kibodi alifokewa na Mwalimu Kilonzo mpaka akatamani kulia.

Kidato cha pili kilikuwa kinaisha. Ijumaa ilikuwa siku ya kuchagua masomo. Mwongeli alitamani sana kutengeneza programu za simu. Lakini Jumanne hiyo alimwambia mama yake, Kasiva, kwamba angeacha kompyuta.

"Mwaitu, mama yangu, mimi sina kichwa ya hiyo kitu. Naogopa hata kuigusa."

Kasiva aliingiwa na hofu. Ndoto ya binti yake ilikuwa inaponyoka, na yeye mwenyewe hakujua hata kuwasha kompyuta. Alimwendea jirani yao, Shufaa, anayefundisha somo hilo katika shule nyingine. Shufaa aliuliza kama mtoto amewahi kusifiwa darasani. Kasiva hakukumbuka hata mara moja.

"Mama Mwongeli, kichwa yake iko sawa," Shufaa alisema. "Mtoto akifokewa kila siku, anajifunza kuogopa. Akitiwa moyo, atajaribu, atakosea, atajaribu tena. Na kompyuta haijulikani bila kuguswa."

Kesho yake Kasiva na Shufaa walikwenda pamoja shuleni kwa Mwongeli kuzungumza na Mwalimu Kilonzo. Mwanzoni Kilonzo alikasirika. Kisha akasema ukweli: yeye aliogopa kuliko wanafunzi. Mashine ikiharibika, nani angejibu? Shufaa alimweleza kwamba kubonyeza vibaya hakuvunji kompyuta, na makosa mengi hurekebishwa. Alimshauri aanze na kazi ndogo, na asifu kila hatua. Kilonzo hakuahidi lolote.

Alhamisi Kilonzo aliondoa vitambaa, akawapa wanafunzi kazi ndogo ya kuandika. Mwongeli aliandika nusu ukurasa, kisha kidole kikateleza na maandishi yote yakatoweka. Kilonzo akaja, naye Mwongeli akafumba macho.

Mwalimu aliweka mikono nyuma, asiiguse kibodi.

"Hata mimi hiyo hunipata," alisema polepole. "Kuna njia ya kurudisha. Bonyeza kitufe cha Ctrl na herufi Z kwa pamoja. Usiogope, niko na wewe."

Mwongeli alibonyeza. Maandishi yakarudi.

"Vizuri sana. Sasa onyesha wenzako."

Wenzake wakamzunguka. Mwongeli akayafuta maandishi yote tena, mara hii kwa makusudi, ili waone yanavyorudi. Ijumaa alichagua kompyuta.