Anwani ya Ukutani

"Wananchi wote wa Haydom, wa Mbulu na wa dunia nzima, mnatangaziwa kwamba Nyumba ya Wageni ya Mama Severine sasa inapatikana kwa barua pepe, popote, wakati wowote."

Tangazo hilo lilipakwa ukutani kwa rangi ya bluu, upande unaotazama hospitali. Chini yake ilifuata anwani yenyewe, kwa herufi kubwa kama sahani. Mbuzi wa jirani alijikuna hapo kabla rangi haijakauka. Kwa wiki nzima alizunguka Haydom akitangaza nusu ya anwani ubavuni.

Wakati huo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na simu ya mkononi ilipata mawimbi kwa kupanda kilima. Kwa hiyo Mama Severine aliipenda sana barua pepe yake. Wageni wake walikuwa ndugu wa wagonjwa, watu wanaoshuka basi na mablanketi na sufuria. Waliotoka mbali waliandika kwanza, naye akawawekea kitanda.

Kisha ikaja kampuni nyingine ya intaneti, yenye kasi zaidi. Mama Severine alihamia huko mara moja. Fundi wa kampuni ya zamani alipokuja kung'oa dishi la intaneti, aliuliza, "Na anwani, mama?"

"Anwani ni yangu. Huioni? Iko kwenye ukuta wangu."

Fundi alitazama ukuta, akatazama dishi, akaenda zake.

Wiki zikapita bila barua hata moja. Mama Severine aliona ni kwa sababu ya mavuno. Watu hawana nafasi ya kuugua.

Jioni moja Kelvin, mwalimu kijana wa Arusha, alishuka basi akimshika mkono bibi yake wa Gendabi. Mguu wa bibi ulikuwa umevimba, na kesho yake alitakiwa kumwona daktari. Kelvin alimwamkia mwenye nyumba, akauliza chumba chao ni kipi. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa.

"Niliandika, mama. Niliomba chumba cha karibu na mlango."

Wageni wengine walikuwa wanakula makande. Wote wakageuka kutazama. Mama Severine akaona heshima ya nyumba yake inamwagika mbele za watu.

"Hukuandika, mwanangu. Ninyi vijana mkisahau jambo, mnasingizia mtandao."

Kelvin alitaka kujibu, lakini bibi alimvuta mkono, akaomba tu mahali pa kulala. Walilala jikoni, kando ya rundo la kuni.

Asubuhi, walipokwisha kwenda hospitali, alifika Scolastica kununua maziwa. Scolastica alifundisha kompyuta hapo mjini. Yeye na Mama Severine waliimba kwaya pamoja, na hakuwahi kumwonea huruma. Alisimuliwa habari za yule kijana mwongo. Akauliza anwani ile ilitoka wapi. Akajibiwa kwamba ilitoka kwa kampuni ya zamani. Hata jina lao limo, baada ya ile alama ya @.

"Mama Severine, maziwa haya ni ya ng'ombe wa nani?"

"Wa Margwe wa Maretadu. Si unajua alinipa nimtunzie?"

"Ukihamia Babati, utamswaga uende naye?"

"Nitaanzaje? Maziwa ni yangu, ng'ombe ni wa Margwe."

"Basi ile anwani ni ng'ombe wako wa pili. Kampuni ilikupa utumie. Umehama, ng'ombe amebaki kwao, na wewe bado umeshika kibuyu unasubiri maziwa."

Mama Severine alikitazama kibuyu mkononi mwake, akakiweka chini.

Scolastica akamweleza taratibu. Kabla ya kubadili kampuni, mtu afungue anwani isiyotegemea muuzaji yeyote wa intaneti. Ziko za bure, na zinafunguka kwenye kompyuta yoyote. Awaandikie watu wote kuwajulisha. Barua zinazokuja kwa anwani ya zamani azielekeze kwenye mpya. Zote mbili zikae pamoja miezi kadhaa, na ya zamani ifungwe mwisho kabisa. Na neno la siri alitunze, asilipake ukutani.

Wakapanda kilima, wakapiga simu. Kampuni ya zamani ikakubali kumfungulia anwani kwa muda. Barua zilikuwa zimejaa humo, hazijasomwa. Ya Kelvin ilikuwamo. Iliomba chumba cha karibu na mlango, na ilianza hivi: "Shikamoo mama."

Uso wa Mama Severine ukawaka kwa aibu. Scolastica hakutania tena.

Anwani mpya ikafunguliwa, watu wakaandikiwa, ukuta ukapakwa upya, na mbuzi akafungwa kwanza. Barua zikaanza kuingia. Siku moja Kelvin naye akaandika: bibi anarudi kuangaliwa mguu. Walipofika, chumba cha karibu na mlango kilikuwa kimeandaliwa.

Wakati wa makande bibi aliuliza kwa nini ukuta una rangi mpya.

"Mitambo ya zamani ilisumbua," alisema Mama Severine, akiwatazama wageni wengine.

Bibi alitafuna polepole, akameza.

"Mjukuu wangu aliandika, au hakuandika?"

Meza nzima ikageuka kutazama, kama siku ile.

"Aliandika, bibi. Mimi ndiye niliyehama nikaiacha anwani, kisha nikamwita mwongo mbele za watu. Nisamehe."

"Mimi nilijua," alisema bibi. "Mwambie yeye."

Mama Severine akamgeukia Kelvin, akarudia yote, neno kwa neno. Kelvin aliinamia sahani yake asijue pa kuweka macho, kwa maana si rahisi kuombwa radhi na mtu unayemwamkia.